Kutu ya Kuagiza

Likapa anafungua banda la nyama choma
huku Chuno, na anataka jina lake
liandikwe kwa chuma chenye kutu.
"Kama mabehewa ya zamani," anasema.
"Kitu kilichokaa. Wateja wanapenda kitu kilichokaa."
Banda lenyewe lina wiki mbili. Rangi ya ukuta bado inanuka.

Advansi elfu ishirini. Nimepokea.

Nafungua faili tupu, jeupe kama unga wa makopa.
Tabaka la kwanza: kijivu cha bati jipya,
lile la kuumiza macho saa saba mchana.
La pili, chengachenga, punje juu ya punje,
kama mtu kapiga chafya kwenye salfa ya mikorosho.
La tatu nalipaka mwenyewe kwa brashi yenye meno.

Tabu ni rangi.
Hudhurungi ya kwenye orodha haina ukweli.
Najaribu udongo wa Newala: mwekundu mno.
Najaribu mafuta ya ganda la korosho,
yale yanayobabua vidole vya wabanguaji.
Hapo. Hapo kidogo.
Nashusha mwanga, nakoleza kivuli,
mpaka herufi ya K inaota malengelenge.

Niseme ukweli: mimi ni binti wa mchomeleaji.
Miaka thelathini na mmoja Fundi Nandonde
anapigana na hiki ninachokitengeneza.
Brashi ya waya, msasa namba themanini,
mageti ya Shangani, madirisha ya Ligula,
na chumvi ya hewani inapita nyuma yake kila usiku
kama mdai.
Ada yangu yote ilikwanguliwa kwenye kutu.

Saa kumi anaingia kuchaji simu.
Anasimama nyuma ya kiti changu, anavaa miwani.
"Nini hii?"
"Kutu, baba."
"Ya nani?"
"Ya Likapa. Ameagiza."
Feni inazunguka.
"Na analipa?"
"Laki na ishirini."
Namsikia akihesabu kimoyomoyo: ni mageti mangapi.

Kisha anainama. Kidole chake kinagusa skrini,
kinaacha alama.
"Umekosea. Umeanzia katikati.
Kutu haitui kama nzi kwenye sahani.
Inaanzia kwenye tundu la msumari,
kwenye maungio niliyochomea vibaya kwa haraka,
kwenye kona ambako maji yanagoma kuondoka.
Halafu inashuka. Kutu siku zote inashuka."

Natafuta pa kutengua,
umeme unakatika.
Betri ya akiba inalia mara mbili, inanyamaza.
Sikuwa nimehifadhi.
Kutu ya saa tatu, haipo. Skrini nyeusi,
na ndani yake sisi wawili.

Baba anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivi,
kashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.
"Imekwenda yote? Bila msasa?"
Anafuta machozi kwa mkono wenye makovu ya cheche.
"Swichi hiyo ningeipata mwaka wa tisini na nne!"
Anachomoa chaja isiyo na umeme, anaondoka nayo,
bado namsikia akicheka mpaka kwa muuza ming'oko.

Umeme umerudi baada ya isha.
Nimepiga picha nondo za dirisha la duka langu,
alizochomelea yeye,
pale chini, kwenye maungio.
Nimeilaza picha juu ya herufi,
nimeigongomea kila moja misumari minne,
na nimeanzia huko.

Likapa ameipenda. Ila moja tu:
chini ya K kuna mchirizi mrefu wa kutu,
umeshuka mpaka kwenye namba ya simu.
"Huu utoe, unachafua."

Sikuufuta. Tabaka lake nimelifumba jicho tu.
Bango limechapwa safi.
Kwenye faili mchirizi upo, chini ya mengine yote,
unashuka.